Limi wa Mhunze, Mwenye Mto

Limi hakuwa mtu wa ziwa. Hilo watu wa Bugombe walimwimbia tangu siku alipoletwa, na ndilo walilokuwa wakimwimbia asubuhi ile maji yalipogusa matuta ya viazi ya Justa na yeye bado anasema hapana.

"Leo hapana," alisema. "Kesho nitaangalia. Mwenye haraka anipitie mimi kwanza."

Alikuwa amekaa mchangani, miguu ameinyoosha, jembe limelala mapajani, anatafuna muhogo mbichi kama mtu aliyekuja kupumzika. Mbele yake wanawake ishirini na majembe yao. Nyuma yake ziwa. Na kule ziwani, hatua chache tu kutoka ukingoni, nyavu mpya za Hatibu zimefungwa kwenye nguzo, zimezunguka kama zizi, zinangoja.

Ukitaka kuelewa kwa nini mwanamke mwenye akili zake alikaa vile huku mashamba yanaingia maji, lazima kwanza uujue mto wenyewe.

Bugombe ni kijiji cha mwaloni, mahali mitumbwi ya wavuvi inapopandishwa mchangani, upande ule ziwa linapoingia nchi kavu kuielekea Geita. Mchanga wake mweupe, unachoma nyayo ikifika saa sita. Asubuhi upepo unatoka bara kwenda majini, mchana unageuka, unatoka majini kuja bara, na siku ukichelewa kugeuka ujue mvua iko njiani. Mto wa hapo unaitwa Kasolwe. Sasa, kiangazi kikiingia, Kasolwe unapungua nguvu, na mawimbi ya ziwa yanausukumia mchanga mdomoni mpaka unafungwa kabisa. Mto unakuwa bwawa. Ukuta wa mchanga unasimama katikati, mrefu hatua mia mbili na zaidi, huku ziwa, huku bwawa. Vuli ikinyesha bwawa linavimba. Linavimba mpaka siku moja lazima mtu aukate ule mchanga, la sivyo maji yanakula mashamba.

Lakini haukati mtu yeyote tu. Anakata mwenye mto. Naye ni mwanamke mmoja, anayerithishwa na mwanamke mwenzake. Anatazama mbingu, anatazama rangi ya maji, anatazama ndege, siku ikifika anasema: leo. Wanawake wanakuja na majembe, wanachimba mfereji mwembamba kama mkono, halafu wanakimbia pembeni, kwa sababu maji yakishaonja njia hayana adabu. Yanaubomoa mchanga yenyewe, kelele tupu, na mto unamwagika ziwani mwekundu kama damu ya ng'ombe.

Na ningu wanausikia. Ningu ni samaki wa ziwani, mweupe wa kung'aa, mtamu kuliko maneno, lakini hazalii ziwani. Anataka majani yaliyofunikwa na mafuriko, kule juu mtoni. Akinusa yale maji mekundu anapanda, yeye na ukoo wake wote, siku moja na sehemu ya pili, basi, wamekwisha pita. Sheria ya mwenye mto ni moja: anayepanda haguswi. Migono, ile mitego ya fito wanayosuka wanawake, inategwa midomo ikitazama mlimani, ili imkamate ningu anaporudi, amekwisha zaa. Anayepanda ana mimba, anayeshuka ni mboga. Ndivyo Bugombe walivyokula ningu kila mwaka bila kuwamaliza.

Haya, sasa Limi. Alizaliwa Mhunze, nchi kavu kweli kweli, watu wa ng'ombe. Alikuwa hajaona maji mengi kuliko ya lambo la kunyweshea ng'ombe mpaka Mageni alipopita kwao na mzigo wa samaki wakavu, anatoka nao ziwani kwenda kuwauza Ibadakuli. Mageni alikuwa na mabega na alikuwa na maneno. Akarudi mara ya pili bila samaki, na ng'ombe sita. Baba yake Limi akawatazama ng'ombe wale, akasema ni wembamba lakini kijana ametembea mbali, mchukue.

Mwaka wake wa kwanza mwaloni walimcheka mpaka wakachoka. Aliogopa mawimbi. Alishika samaki kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mkufu usio wake. Ningu walipopanda alisimama ukingoni akapiga kelele, "Mbona mnawaacha hawa wanene wanapita? Halafu mtakuja kukamata wale wamekonda? Nyie watu mna wazimu?"

Wanawake wakaanguka chini kwa kicheko. Mama mkwe wake, Paskazia, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye mto, hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkristo wa mapadri wa visiwani, mvuta kiko, asiyependa kusema neno mara mbili.

"Kwenu Mhunze," alimuuliza, "mnachinja ng'ombe mwenye mimba?"

"Hapana, mayu." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Na majani ya kiangazi mnawaachia ng'ombe wayale wakati wa masika?"

"Hapana. Tunayafunga. Ngitili. Haingii hata mbuzi mpaka majani mengine yaishe."

Paskazia akavuta kiko chake. Limi akasimama pale mdomo wazi, anawatazama wale samaki wanapita kati ya miguu ya watu bila mtu kuinama. Halafu akasema taratibu, "Kumbe hii nayo ni ngitili. Ngitili ya maji."

Kuanzia siku hiyo hakuondoka ukingoni. Kila kitu alitaka kukijua. Mbona mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, wamekaa huku na si kule? Mbona maji haya yananuka udongo na yale yananuka majani? Akimaliza kuuliza watu anakaa mwenyewe anatazama. Mtu aliyechunga ng'ombe tangu ana meno ya utoto anajua kutazama mnyama siku nzima bila kuchoka.

Mnyama aliyemtazama kuliko wote alikuwa mamba wa kaskazini.

Mwisho wa ukuta wa mchanga, upande wa kaskazini penye mawe, mamba jike alitaga kila kiangazi. Mayai yake aliyafukia mchangani naye akalala juu. Wanawake walimwita Mke Mwenza, kwa sababu amekaa nyumba ya jirani, ana wivu, na hamsalimiani. Hakuna aliyekwenda kule. Mayai yake hayakuguswa, huo nao ulikuwa mwiko wa zamani, wanasema anayechokoza mayai yake atamkuta penye kisima. Watu wote waliamini Mke Mwenza anakaa pale mpaka mvua ziishe, na kwamba watoto wakitoka anawala. Walishamwona na watoto mdomoni.

Limi aliona kingine. Miaka mitatu mfululizo alipanda juu ya jiwe la mbali akatazama. Vuli ikianza, watoto wanalia ndani ya mchanga, kwik, kwik, kama vifaranga. Mama yao anafukua. Anawabeba mdomoni, kweli, lakini hawali. Anawapeleka kwenye dimbwi la matete nyuma ya mawe, anawatema majini mmoja mmoja kama mtu anayemwaga karanga kwa uangalifu. Akimaliza anakaa kule kule kwenye dimbwi, analinda. Mchangani harudi tena mpaka kiangazi kingine. Alipomweleza Mageni, Mageni alicheka. "Mamba amekuwa yaya?" Limi akakasirika, hakumweleza mtu mwingine tena. Alikuwa hivyo. Ukimcheka mara moja, anafunga.

Miguu ya Paskazia ilipovimba asiweze tena kutembea mchangani, kila mtu alijua mto unakwenda kwa Justa. Justa ni binti wa dada yake, mzaliwa wa pale pale, ana sauti nzuri ya kuongoza nyimbo, anapendwa. Paskazia akampa Limi.

Ilikuwa vita. Justa alisimama mlangoni kwa Paskazia mchana kweupe akasema, "Mama mdogo, umempa mto mchunga ng'ombe?"

"Nimempa mwenye kichwa kigumu," Paskazia alijibu kutoka ndani. "Wewe unapenda kusifiwa. Mtu wa kupenda sifa akisukumwa kidogo anafungua."

Wanawake wakakaa, wakatoa shauri lao. Limi ataushika mto vuli moja. Ningu wakipanda, ni wake mpaka afe au avimbe miguu. Wasipopanda, ni wa Justa, na Limi atafute jembe alime kama wengine. Limi alisema sawa. Aliisema kwa sauti kubwa, lakini usiku ule hakula. Nyumbani kwa watu, mgeni anapewa nafasi moja tu.

Na vuli hiyo ndiyo aliyokuja Hatibu.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ya Geita imeanza kuvuta watu kama sukari inavyovuta sisimizi. Makambi yalijaa wachimbaji, na wachimbaji wana njaa. Hatibu alikuwa na duka njiani. Baba yake alikuja bara na misafara kutoka pwani akaoa Msumbwa, akabaki. Mtu mzima, kanzu safi, kofia ya kufuma, baiskeli inayong'aa. Mpole. Mpole ndiye mbaya, kwa sababu ukimkasirikia unaonekana wewe ndiye mjinga.

"Shikamoo, Bwana Hatibu," Limi alimsalimu, Scolastika, mwanawe wa kwanza, amemshika nguo.

"Marahaba, Mama Scolastika. Watoto hawajambo? Nimesikia mto sasa ni wako. Hongera. Nami nimekuja kukupunguzia kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii: ataweka nyavu ziwani mbele ya mdomo wa mto. Mto ukifunguliwa, ningu wakija, wote ndani. Ananunua majembe mapya kwa kila mwanamke. Nguo kwa Limi.

"Na wa kupanda?" Limi akauliza.

"Wa kupanda wapi?"

"Mtoni. Kuzaa."

Hatibu akatabasamu. "Mama Scolastika, ziwa lote hili. Samaki wataisha?"

"Ng'ombe nao ni wengi Mhunze," Limi akamjibu. "Chinja majike yote mwaka mmoja, halafu mwaka wa pili uje unikopeshe maziwa."

Wakaenda kwa Jilala. Jilala alikuwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji kwa niaba ya mtemi, na siku hiyo alikuwa amevaa kanzu mpya ambayo hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Watu walijaa uani. Limi aliongea sana. Aliongea kupita kiasi, akamwita Hatibu fisi mwenye baiskeli, watu wakacheka, na Jilala akapata sababu ya kumnyamazisha.

"Mto ni wa wanawake," Jilala alisema. "Hilo silibishi, babu zangu hawakulibisha. Mwenye mto atafungua siku anayotaka na pale anapotaka. Lakini ziwa ni la wote. Bwana Hatibu ana haki ya kutega ziwani kama mtu mwingine. Na atakayegusa nyavu za mwenzake atatoa ng'ombe wawili. Nimemaliza."

Limi alitoka pale kwa hasira. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kuchukua panga. Mageni akamshika mkono mlangoni.

"Ng'ombe wawili tunao?" akamuuliza.

"Hatuna."

"Basi weka panga."

Aliliweka. Lakini aliposhusha pumzi, kuna neno moja la Jilala lilimbaki kichwani. Pale anapotaka.

Siku zote mto ulifunguliwa kusini. Paskazia alifungulia kusini, na aliyemrithisha alifungulia kusini, pana njia ya kijiji na mchanga wake umezoea. Hatibu alilijua hilo, kila mtu alilijua. Msimamizi wake, Pantaleo, kijana wa makambini mwenye kaptula na kelele nyingi, alikuja na watu wanne wakapigilia nguzo nzito kusini, siku mbili wanapiga nyundo, wakafunga nyavu tabaka mbili. Kuzing'oa zile nguzo ni siku mbili nyingine. Ningu wanapita siku moja.

Limi alimaliza hesabu hiyo akiwa amesimama. Kaskazini mchanga ni mwembamba kuliko kusini, bwawa limepinda pale karibu kabisa na ziwa. Kilichokuwa kimezuia watu miaka yote si mchanga. Ni Mke Mwenza. Na mayai yalikuwa bado hayajaanguliwa.

Kwa hiyo akangoja. Hiyo ndiyo sababu alikaa pale mchangani anatafuna muhogo. Mvua zilinyesha kule milimani, bwawa likavimba, likabadilika rangi, na yeye anasema hapana. Hakumweleza mtu. Angemweleza mmoja, kufika jioni Pantaleo angejua, maana Pantaleo alikuwa amekwisha zoeana na nusu ya kijiji kwa sigara zake.

Siku ya pili ya kungoja kidogo kila kitu kiharibike. Alikuta Pantaleo na watu wake wawili wanaelekea kaskazini na mikuki.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumwondoa yule mdudu," Pantaleo akasema. "Anatunyima usingizi. Na mayai yake tutayapika tuone ladha."

Limi akasimama njiani. "Amekula mtu?"

"Bado."

"Basi na wewe bado hujala mayai. Mtu wa kuja, sikiliza nikufundishe bure. Ukimuua, yule dume anayekaa kule ghubani atachukua nafasi yake. Huyu ana watoto, anakaa kwake. Dume hana kwake. Atakuja kukaa penye nyavu zako, pana chakula. Nenda. Mchome. Mimi nakaa hapa nikuangalie."

Pantaleo akamtazama, akautazama mkuki, akamtazama mamba kule mbali aliyekuwa amefungua kinywa anapunga upepo. Meno yalionekana hata pale walipo. Mmoja wa watu wake akajikuna kichwa, akasema yeye ameajiriwa kwa kazi ya nyavu. Wakarudi. Njia nzima Pantaleo anasonya.

Siku ya tatu maji yalipanda kwenye matuta ya Justa. Ndipo wanawake wakaja ishirini, Justa mbele.

"Viazi vyangu vinaoza, Limi!"

"Naviona."

"Unaviona! Paskazia angefungua jana!"

"Paskazia ana miguu ya tembo, amelala. Mwenye mto ni mimi. Leo hapana."

"Unaogopa nyavu za Hatibu, sema tu! Fungua, nyavu zikamate, ningu wasipande, mto uje kwangu, shida yako iko wapi? Hujui unachofanya. Umekaa hapo kama ng'ombe aliyekwama matopeni!"

Hapo Limi aliruka juu, jembe mkononi, na kwa sekunde moja wote walirudi nyuma. Kisha akalishusha jembe, akalichomeka mchangani.

"Nipe kesho," alisema. Na wanawake walishangaa, kwa sababu hawakuwahi kumsikia Limi akiomba kitu. "Kesho asubuhi mje na majembe. Nisipofungua kesho, mto chukua. Sitasubiri ningu waamue."

Justa akasema sawa. Maneno mazito kama hayo hayakataliwi mbele za watu.

Jioni Limi alipita kwa Paskazia akamwambia mpango, yeye peke yake. Paskazia alivuta mpaka kiko kikazima.

"Sijawahi kufungulia kaskazini," alisema.

"Najua, mayu."

"Hata aliyenipa hajawahi. Mamba akichukua mtu mmoja tu, watakuchoma na nyumba yako."

"Anawatoa watoto. Leo mchana nimewasikia wanalia, nilikuwa hatua thelathini. Kesho kukipambazuka atakuwa dimbwini."

"Na usipomkuta dimbwini?"

"Sitafungua. Nitampa Justa mto."

Paskazia akakung'uta majivu. "Mimi nasema ni makosa," alisema. "Lakini nilikwisha kukupa. Nikikuingilia sasa, sikukupa kitu."

Kulipopambazuka, Limi alikuwa juu ya jiwe lake. Mageni, aliyeambiwa alfajiri ile, alikuwa chini na mkuki, hacheki tena. Mchanga wa kaskazini ulikuwa umefukuliwa, maganda yametapakaa meupe, na mburuzo mpana wa tumbo ulitoka pale kuzunguka mawe. Limi akaufuata kwa macho. Dimbwini, katikati ya matete, kichwa kilikuwa juu ya maji kimetulia, na mgongoni vitoto vimekaa kama watu kwenye mtumbwi.

"Umeona?" alimwambia Mageni.

"Nimeona."

"Amewala?"

"Basi, mke wangu. Nimeona."

Wanawake walikuja kusini na majembe, kama kawaida. Limi akawapigia mluzi kutoka kaskazini. Walisimama. Walielewa, na hakuna aliyesogea.

"Huko kwa Mke Mwenza?" mmoja akapiga kelele. "Utatuua!"

"Amehama!" Limi akajibu. Akashuka kutoka juu ya jiwe, akatembea mpaka katikati ya yale maganda, akasimama palepale mamba alipokuwa akilala, akapiga jembe la kwanza. Na la pili. Alikuwa peke yake kwenye mchanga ule, mgongo ameupa ziwa, na kila aliyekuwepo alitegemea kuona maji yakipasuka. Akapiga la kumi. La ishirini. Jasho linamtoka, anatukana kwa Kisukuma, matusi ya machungani ambayo si ya kuandikwa.

Wa kwanza kwenda alikuwa Justa. Alifunga khanga vizuri kiunoni, akaja, akasimama upande wa pili wa mfereji, akaanza kuchimba. Alikuwa adui wa Limi, si adui wa mto. Wengine wakafuata, kumi, kumi na tano, wote, Mageni amesimama kati yao na dimbwi, mkuki tayari. Mke Mwenza aliwatazama wakati wote. Hakutoka kwa watoto wake.

Kule kusini Pantaleo aliinuka kutoka kwenye moto wake wa chai. "Hee! Hee nyie! Mnachimba nini huko?"

"Choo chako!" Limi akamjibu.

Maji yakaonja njia. Kwanza kamba nyembamba, ikatambaa mchangani kama nyoka anayetafuta tundu. Halafu kingo zikaanza kudondoka. "Tokeni!" Limi akapiga kelele, wakaruka huku na huku, na Kasolwe ukapita katikati yao kwa kishindo, mwekundu, unabeba mchanga, matete, maganda ya mayai, kila kitu, ukaingia ziwani.

Pantaleo na watu wake walikuwa wanang'ang'ania nguzo. Nguzo walizipigilia wenyewe, vizuri sana, watu wa kazi. Haikutoka hata moja.

Wakangoja. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kule kwa siku tatu. Jua likapanda. Maji mekundu yalisambaa ziwani kama khanga iliyotandikwa, na hakuna kitu. Justa alikaa chini akimtazama Limi. Limi hakumtazama mtu. Kisha furukombe akalia juu, akashuka, na mnandi waliokuwa wamekaa kwenye nguzo za Hatibu wakaruka wote kwa pamoja wakaja kaskazini.

Ningu wa kwanza alionekana mgongo tu, anapigana na mkondo. Nyuma yake watatu. Nyuma yao hawahesabiki. Walipanda wameshonana, wanagongana, wanaruka juu ya wenzao, wanene, matumbo yamejaa, mto ukawa na kelele kama mvua juu ya bati. Wanawake walisimama pande zote mbili, mikono wameikunja, hakuna aliyeinama. Walipita mchana kutwa. Kufika machweo, majani ya mafuriko kule juu yalikuwa yanatikisika bila upepo.

Hatibu alikuja kesho yake na baiskeli. Alitazama nyavu zake, akatazama mdomo mpya wa mto, akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha uongo.

"Mama Scolastika, umenipiga."

"Sijakugusa, Bwana Hatibu. Wala nyavu zako sijazigusa. Muulize mwanangwa."

"Nitakula wapi mimi sasa?"

"Ngoja siku nne. Watashuka. Lete vikapu, utanunua kama mtu mwingine, kwa wanawake, mmoja mmoja, na utapanga bei nao. Na uje na heshima. Na huyu Pantaleo abaki dukani."

Alipoondoka, wanawake walikuwa wameketi ukingoni na migono yao mipya. Viazi vya Justa vilikuwa vimeoza, matuta manne mazima, na Limi alikwisha sema mbele ya wote kwamba Justa atachagua pa kutega kabla ya mtu mwingine, kwa sababu ni viazi vyake vilivyolipia ile siku ya tatu. Justa hakumshukuru. Alizunguka ukingo wote, akachagua pazuri kuliko pote, penye kona, akaweka mgono wake chini, mdomo ukitazama mlimani. Akasimama, mikono kiunoni, akamgeukia Limi. Wengine wote wakageuka kusikiliza atamwitaje.

"Mwenye mto," Justa alisema, "tutege lini?"

"Nikisema," Limi akajibu.